DHANA, HUSUDA NA DAMU
Somo juu ya mauaji ya wazee katika nchi ya Wakisii, na mafunzo yake kwetu

 

Ndugu wasomaji, katika darasa letu la usiku, baina ya Magharibi na Isha, ilisomwa khabari ya mauaji yaliyotokea tarehe 17 Oktoba 2021 huko Marani, katika kaunti ya Kisii. Wanawake wanne wa umri mkubwa waliuawa na kundi la watu kwa tuhuma kwamba wamemroga kijana mwanafunzi. Khabari ilipokwisha, mmoja wetu akasema: "Hao ni watu wa bara, na hiyo ndiyo tabia yao." Mwenye kusema neno hilo, sitaficha, ni mimi. Mwalimu wetu hakunikemea. Aliniuliza tu: "Je, neno hilo una ushahidi nalo, au ni dhana?" Sikuwa na jibu. Akanitaka niende nikatafute, kisha nirudi niwaeleze wenzangu. Haya yafuatayo ndiyo niliyoyapata, na nayaandika ili nanyi myapime.

Muradi wa somo hili ni swali moja: mtu wa kawaida, mwenye jirani wa miaka mingi aliyekuwa akisalimiana naye kila asubuhi, hufikaje hata akamchoma moto?

1. NCHI NA YALIYOTOKEA

Nchi ya Wakisii, ambao wenyewe wajiita Abagusii, iko magharibi ya Kenya, juu ya vilima visivyo mbali na Ziwa la Nyanza. Leo imegawanyika katika kaunti mbili, Kisii na Nyamira. Ni nchi ya mvua nyingi na rutuba, yenye chai, kahawa na migomba. Wasomaji wetu wa Mombasa walijua jiwe lao jororo litokalo Tabaka, ambalo huchongwa sahani na sanamu za wanyama na kuuzwa hapa mjini.

Lakini rutuba haikuzidi pamoja na watu. Kwa hesabu ya mwaka 2019, Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, na Nyamira 605,576. Katika kila kilomita moja ya mraba ya Kisii walikaa watu wapatao 958, na katika Nyamira wapatao 675. Linganisheni na Kilifi yetu, ambako hesabu hiyo haikuzidi sana 115. Shamba la babu limegawanywa kwa wana, na la wana kwa wajukuu, hata mpaka wa mtu na nduguye umekuwa ni mstari wa migomba michache. Jambo hili lihifadhini, kwani tutalirejea.

Mauaji ya Marani hayakuwa ya kwanza. Mwezi wa Mei 2008, katika kijiji cha Nyakeo, kundi la watu lilizunguka nyumba kwa nyumba, na watu 11 wakauawa kwa moto: wanawake 8 na wanaume 3, wengi wao wazee. Nyumba nyingi ziliteketezwa. Khabari za siku zile zaeleza kwamba lilitajwa daftari lililookotwa katika skuli, likadaiwa kuwa limeandikwa ndani yake mazungumzo ya mkutano wa wachawi, pamoja na majina ya watakaorogwa. Daftari la skuli kila mtoto analo, na kalamu haimkatai mtu. Ila katika usiku ule daftari lilipewa nguvu ambayo hakimu hangeipa hata waraka wenye muhuri.

Na kabla ya hapo, katika miaka ya mwanzo ya 1990, palitokea mfululizo wa mauaji ya namna hiyo. Mwanachuoni Justus Ogembo aliyachungua, na mwaka 2006 akatoa kitabu juu yake. Katika neno lake lenye manufaa kwetu ni kwamba mambo haya si mila ya kale inayokwenda vile vile tangu enzi za mababu. Yana wakati wake na sababu zake, na huzidi pale maisha ya watu yanapotikisika.

2. JE, SHARI NI TABIA YA KUZALIWA?

Hoja yangu ilikuwa kwamba watu wale wameumbwa hivyo. Hoja hii ni kongwe, na wanavyuoni wameijadili sana katika miaka iliyopita.

Mwaka 1963 Konrad Lorenz wa Austria, bingwa wa tabia za wanyama, alitoa kitabu akieleza kwamba ukali ni silika, kwa mnyama na kwa mwanadamu, nao hujikusanya ndani mpaka upate mahali pa kutokea. Wengi walilipenda neno hili, kwa kuwa lamwondolea mtu lawama: ikiwa shari imo katika damu, nani wa kuulizwa?

Lakini miaka miwili kabla yake, yaani 1961, Albert Bandura na wenziwe katika Chuo cha Stanford, Marekani, walikuwa wamewajaribu watoto 72 wa skuli ya chekechea. Baadhi yao walionyeshwa mtu mzima akilipiga na kulitukana bandia kubwa. Wengine walionyeshwa mtu akicheza kwa utulivu. Na wengine hawakuonyeshwa kitu. Kisha kila mtoto akaachwa na bandia lile. Walioona kipigo walipiga zaidi, na wengine wakayarudia hata maneno yale yale. Basi ukali, kwa sehemu kubwa, husomeshwa. Na mwalimu wake ni mtu mzima ambaye pengine hajui kwamba anasomesha.

Mwaka 1986 wanavyuoni wa nchi mbalimbali na elimu mbalimbali walikutana Seville, Uhispania, wakatoa tamko kwamba si sahihi kielimu kusema kuwa vita tumevirithi kutoka kwa wanyama, au kwamba vimeandikwa katika maumbile yetu tusiweze kuviepuka. Mwaka 1989 shirika la UNESCO likalipokea tamko hilo. Hawakusema kwamba mwanadamu hana hasira. Walisema kwamba hasira si hukumu. Baina ya hasira na kisu ipo njia, na katika njia hiyo mtu ana hiari.

Na sisi Waislamu hatukuhitaji kungoja Seville ili tulijue hilo. Kisa cha Kabil na Habil kinatufundisha kwamba damu ya kwanza ilimwagwa baina ya ndugu wawili wa tumbo moja, na kiini chake kilikuwa ni husuda. Aliyeuawa hakuwa mgeni, wala adui wa ng'ambo. Tena muuaji alionywa na nduguye kabla ya kutenda. Alikuwa na nafasi ya kusimama.

3. WALIYOYAONA WACHUNGUZI KATIKA NCHI YA WAKISII

Sasa turudi Kisii, kwani nchi ile imechunguzwa kuliko nchi nyingi za Afrika Mashariki.

Wa kwanza nitakayemtaja ni Philip Mayer, aliyefanya kazi ya uchunguzi huko katika miaka ya 1940, na mwaka 1954 akasoma khutuba juu ya uchawi katika Chuo cha Rhodes, Afrika ya Kusini. Aliyoyaona ni kwamba mchawi, katika fikira za watu, hatoki mbali. Adui wa mbali hupigwa vita waziwazi. Mchawi ni yule aliye ndani: jirani, jamaa, mke mwenza, shemeji. Ni mtu ambaye ilipasa awe mwema kwako, nawe wamdhania kuwa si mwema. Nasi wa pwani tusione ajabu, kwani ni sisi tusemao kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Wa pili ni Robert LeVine na mkewe wa zamani hizo, Barbara, Wamarekani waliokaa katika nchi ya Wakisii tangu 1955 hata 1957, katika jamii ambayo vitabu vyao vyaiita Nyansongo. Kazi yao ilikuwa ni sehemu ya uchunguzi mkubwa wa malezi ya watoto uliofanywa mahali sita duniani: Kenya, Bara Hindi, Ufilipino, Okinawa, Mexiko na Marekani yenyewe. Walikuta watu wachapa kazi, ambao watoto wao hupewa dhamana mapema: kulea wadogo zao, kuchota maji, kuchunga. Walikuta pia khofu iliyojificha. Watu hawakupenda kugombana uso kwa uso. Mwenye kinyongo na jirani yake alikiweka moyoni, akamwepuka. Hasira isiyosemwa haikufa. Iligeuka kuwa wasiwasi: "Ikiwa mimi namchukia kiasi hiki na sisemi, je, yeye anaficha nini?"

Mwaka 1962 LeVine alitoa makala aliyolinganisha kabila tatu zilizo majirani, katika mambo ya wake wenza. Kwa zama zile, wake wa mume mmoja wa Kijaluo walikaa nyumba zilizokaribiana sana katika boma moja. Wake wa Kikipsigis aghlabu walikaa mbali mbali, kila mmoja na shamba lake. Wa Kikisii walikuwa baina ya hao wawili. Akaona kwamba uadui wa wake wenza na tuhuma za uchawi baina yao zilifuata mpangilio huo huo: nyingi zaidi kwa Wajaluo, chache zaidi kwa Wakipsigis, na Wakisii katikati.

Hapa, ndugu zangu, ndipo neno langu lilipoanza kuvunjika. Kama tuhuma zingekuwa ni tabia ya damu, umbali wa nyumba ungezibadilishaje? Kilichobadilika hapo ni ujirani: ni nani anamwona nani kila siku, nani anagawana nini na nani, nani anahesabu magunia ya mwenziwe. Tukumbuke sasa zile nafsi 958 katika kilomita moja. Watu waliosongamana juu ya ardhi isiyotosha, kila mmoja akiona kwamba mavuno ya nduguye yamepita yake, na hapana wa kuyasema yaliyo moyoni.

4. KATIKA NCHI YA WASUKUMA, NA HATA ULAYA

Ili tusiwaonee Wakisii peke yao, natutazame kwengine.

Katika Usukuma, Tanzania, wanawake wazee wameuawa kwa miaka mingi kwa tuhuma hii hii, na alama iliyochukuliwa kuwa ya uchawi ni macho mekundu. Macho ya mwanamke aliyepika miaka 50 kwa moshi wa kuni na wa samadi yatakuwaje ila mekundu? Edward Miguel, mwanachuoni wa uchumi, alikusanya khabari za vijiji 67 vya wilaya ya Meatu, na mwaka 2005 akatoa matokeo yake. Aliona kwamba katika miaka ya mvua mbaya, ama ukame ama mafuriko, mauaji ya watuhumiwa wa uchawi yaliongezeka maradufu. Mauaji ya namna nyengine hayakuongezeka hivyo. Na waliouawa, wengi wao walikuwa ni wanawake wazee, na waliowaua ni jamaa zao.

Lifikirini jambo hili. Ikiwa uchawi ndio sababu ya mauaji, mbona unangoja mawingu? Lililobadilika katika mwaka wa njaa ni chakula kilichomo chunguni, na idadi ya midomo inayokingoja.

Na Ulaya, ambayo wengi wetu twaiona kuwa ni nchi ya akili, iliua watu wanaokisiwa kuwa baina ya 40,000 na 50,000 kwa tuhuma ya uchawi, tangu karne ya 15 hata ya 18, na wengi wao walikuwa wanawake. Huko Salem, Marekani, mwaka 1692, watu 19 walinyongwa kwa hukumu ya mahakama. Watu wale hawakuwa wa bara letu. Walikuwa na makadhi wao na mapadri wao, na vitabu vyao mikononi.

Basi hilo neno "tabia yao" nimelitafuta mahali pake, nikakuta kwamba ni tabia ya mwanadamu anaposhikwa na msiba asioujua sababu yake, akakosa subira, akakosa elimu, akakosa wa kumzuia.

5. VITUO VINNE BAINA YA MSIBA NA DAMU

Nikiyapanga haya yote naona kwamba njia ya kutoka katika msiba hata kufika katika damu ina vituo vinne.

Kituo cha kwanza ni msiba wenyewe. Mtoto amekufa, au kijana amepotewa na akili, au ng'ombe hatoi maziwa. Hapa hapana dhambi. Mwenye kulia hulia.

Cha pili ni dhana. Aliyefikwa huuliza: "Kwa nini mimi?" na swali hilo, upesi sana, hugeuka likawa: "Nani?" Yote mawili hutoka katika maumivu yale yale, walakini la kwanza lampeleka mtu kwa tabibu na kwa Mola wake, na la pili lampeleka kwa jirani. Na aghlabu dhana humwangukia asiye na mtetezi: mjane, tasa, mzee aliyekaa peke yake. Wakisii, kama walivyoeleza wachunguzi, husema kwamba wachawi hutembea usiku uchi. Sasa mfikirini bibi aliyepatwa na maradhi ya kusahau ya uzeeni. Maradhi haya huweza kumtoa mtu kitandani usiku wa manane, akatembea bila ya kujua aendako, pengine nguo zimemwanguka, akakutwa alfajiri mlangoni mwa watu. Tabibu atamtambua kuwa ni mgonjwa. Aliyekwisha kuamini lake atamwona kuwa amefumwa.

Cha tatu ni mpiga ramli. Wakisii wana waaguzi wao waitwao abaragori, nasi tuna wetu, wenye vitabu vya falaki na ubao wa mchanga. Kazi ya mtu huyu ni moja: dhana isiyokuwa na jina huipa jina. Mtu huingia kwake na wasiwasi akatoka na adui. Na mara nyingi jina alitoalo ni lile alilokwisha kuchezewa mdomoni na muulizaji mwenyewe, ambaye amelipa fedha asikie analolitaka.

Cha nne ni kundi. Mtu mmoja, hata awe na kisasi namna gani, huona haya kuingia nyumbani kwa ajuza na kiberiti. Watu mia hawaoni haya, kwani mkono wa kila mmoja wajificha nyuma ya mkono wa mwenziwe, na asubuhi hakuna aliyefanya. Ila katika hao mia wamo ambao hawakuamini. Walikwenda kwa kuogopa kubaki.

Katika miaka ya 1950 Solomon Asch, huko Marekani, alimweka mtu mmoja katikati ya wengine waliopatana kusema uongo wa wazi juu ya urefu wa mistari. Wengi waliojaribiwa walikubali uongo ule angaa mara moja, na macho yao yanaona. Lakini alipowekwa mmoja tu wa kusema kweli pamoja nao, kufuata uongo kulipungua sana. Mmoja tu, ndugu zangu. Katika kila kundi liendalo kwa ajuza, pengine lililokosekana ni mtu mmoja wa kusema kwa sauti: "Mimi siendi, na hili ni dhulma."

6. NA SISI WA PWANI?

Nilipofika hapa nilidhani kazi yangu imekwisha, mpaka nikakumbuka Kilifi. Hapo karibu yetu, wazee wenye mvi wameuawa na watu wa mbari zao wenyewe kwa tuhuma za uchawi, na mara kwa mara nyuma ya tuhuma palikuwa na shamba. Mzee akishauawa kwa jina la uchawi, shamba hupata mwenyewe mpya. Hali imefika hata Kaya Godoma, katika Ganze, imekuwa ni makimbilio ya wazee waliotuhumiwa, wanaoogopa kulala majumbani mwao. Mzee akimbie watoto wake mwenyewe!

Wako watakaosema: "Hao ni wa mashambani, sisi ni watu wa mji." Naam, sisi hatuchomi nyumba. Lakini tuulizane kwa insafu: ni ndoa ngapi katika mitaa yetu zimevunjwa kwa neno la mganga kwamba mama mkwe "ana mkono"? Ni bibi wangapi ambao watoto hukatazwa kula kwao? Ni ndugu wangapi hawazikani kwa sababu ya hirizi iliyookotwa kizingitini, ambayo hapana ajuaye nani ameiweka? Sisi tumesimama katika kituo cha tatu, na twawacheka waliofika cha nne.

Wala hatusemi kwamba sihiri haikutajwa katika Kitabu. Imetajwa, na kuifanya ni katika madhambi makubwa. Lakini Kitabu hicho hicho, katika Suratul Hujurat, kimetukataza kufuata dhana nyingi, na kupelelezana, na kusengenyana. Na sharia imemlazimisha mdai alete baina. Dhambi kubwa haithubutu kwa uvumi. Bali kadiri jambo lilivyo kubwa ndivyo ushahidi wake unavyotakiwa uwe mzito. Aliye tayari kumhukumu mtu kwa ramli amefanya makosa mawili: amemwendea kahini, na amemdhulumu mja.

Serikali nayo haikuliacha jambo hili. Sheria ya Uchawi ya Kenya, iliyotungwa 1925, haikukataza kufanya uchawi peke yake. Imekataza pia kumtuhumu mtu uchawi kwa kumtangaza. Wengi wajua nusu ya kwanza ya sheria hiyo. Nusu ya pili haisemwi.

7. TUFANYEJE?

Amani si kukosekana kwa kelele. Wachunguzi wa Nyansongo walikuta kelele chache na khofu nyingi. Amani ni kazi, na kazi hii hufanywa kabla ya msiba, si baada yake.

Kwanza, tuseme yaliyo moyoni yangali madogo. Aliyekosewa amwendee aliyemkosea, na akishindwa apeleke watu wazima wa mtaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Pili, mirathi na mipaka ya ardhi ipangwe na kuandikwa mapema, wazee wangali hai na akili zao timamu. Kaburi lililozungukwa na ugomvi wa shamba ni shina la tuhuma.

Tatu, tumtazame mzee. Miguel aliyeandika juu ya Meatu alitaja kwamba katika sehemu ya kaskazini ya Afrika ya Kusini, baada ya wazee kupewa malipo ya uzeeni, mauaji ya namna hii yalipungua. Mzee aliyekuwa akihesabiwa kuwa ni mdomo wa ziada akawa ndiye mwenye kuleta unga nyumbani. Zanzibar ilianza kuwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi mwaka 2016, kwa kiwango cha shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi. Kenya ikaanza mwaka 2018 kuwalipa wa umri huo huo shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi, katika mpango wa Inua Jamii. Fedha hizi ni ndogo, na si za kumtajirisha mtu; lakini huenda zikawa ni ukuta baina ya ajuza na kiberiti. Basi kijana ajuaye kusoma na amsaidie bibi wa mtaa wake kujiandikisha. Hiyo ni kazi ya amani, nayo haihitaji mkutano.

Nne, mgonjwa apelekwe kwa tabibu. Kijana aliyepotewa na akili, na bibi atembeaye usiku, wote wawili ni wagonjwa. Wahitaji dawa na uangalizi, na jamaa zao wahitaji kufunzwa.

Tano, kila mmoja wetu aweke nia tangu leo kwamba siku kundi litakapopita mlangoni kwake, yeye ndiye atakayekuwa yule mmoja. Mwenye kungoja kuifikiri siku hiyo atakuwa amechelewa.

Nilirudi darasani, ndugu wasomaji, nikamwambia mwalimu wangu mbele ya wenzangu kwamba neno langu lilikuwa ni dhana, na kwamba nimelifuta. Niliwatuhumu watu zaidi ya milioni moja na laki nane kwa tabia nisiyoishuhudia, bila ya baina, kwa sababu nimesikia jambo la kutisha nikataka upesi wa kumlaumu. Na hivyo ndivyo walivyoanza watu wa Nyakeo. Ila mimi nilikuwa mbali, na sikuwa na moto mkononi.

MASWALI KWA WANADARASA

1. Taja vituo vinne baina ya msiba na damu. Ni kipi kilicho chepesi kusimama, na kwa nini?

2. LeVine aliona nini kwa Wajaluo, Wakipsigis na Wakisii, na jambo hilo lajibu vipi neno la "ni tabia yao"?

3. Kwa nini mauaji ya Meatu yalizidi katika miaka ya mvua mbaya?

4. Katika mtaa wako, ni mzee gani asiye na mtetezi? Usimtaje jina mbele ya watu. Nenda kamwamkie kabla ya darasa lijalo.

Na tawfiki yatoka kwa Mwenyezi Mungu.